Maili Arobaini

Kabla ya kuwa jina la mahali, Arobaini ilikuwa namba tu kwenye saa ya maili ya gari. Raymundi Ngollo alikuwapo siku ile, kijana wa kubeba mapipa ya maji ya wajenzi wa barabara. Msimamizi alikuwa anapima njia ya kutoka Tabora kwenda Urambo, ile ile ambayo wapagazi waliipita kwenda Ujiji, na babu yake Raymundi alikuwa mmoja wao, na pembe begani. Gari lilipofika penye miti minene ya mininga, msimamizi akachungulia saa ya maili, akasema, "Arobaini. Pigeni kambi hapa." Watu wakaingia kushoto, hatua kama elfu moja, penye maji, wakapiga kambi. Barabara ikaisha, msimamizi akaenda zake kwao. Kambi ikabaki, ikaota mihogo, ikaota kuku, ikaota kanisa la udongo, na watu wakaendelea kuiita Maili Arobaini. Ukimwuliza mtoto wa pale kwa nini kunaitwa hivyo, atakuona huna akili. Kunaitwa hivyo kwa sababu ndivyo kunavyoitwa.

Huko ndiko alikoolewa Flavia, binti yake Raymundi. Mke wa Raymundi, Benedikta, alizaa watoto watano, na wanne wakalala makaburini kabla hawajaota meno. Akabaki Flavia peke yake. Alipochumbiwa na Bernardo, kijana mpole mwenye mizinga ya nyuki sitini, Benedikta alilia kwamba ni mbali. Raymundi akamcheka. "Mbali wapi, Mama Flavia? Maili Arobaini naijua tangu haijaitwa kitu. Na mimi si mtu wa magari?"

Kweli alikuwa mtu wa magari. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi katika karakana ya serikali pale Tabora, na nyumba yake ilikuwa Mtendeni. Na maneno alikuwa nayo, lo! Alizungumza na nati. Nati ikikataa kufunguka aliitukana kwa Kinyamwezi, ikifunguka aliishukuru kwa Kiswahili. Namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi hakuziamini hata kidogo. Alipotaka kujua ukubwa wa tairi aliliwekea alama ya chaki, akachora mstari sakafuni, akalibingirisha mzunguko mmoja mpaka alama irudi chini, akachora mstari mwingine. "Hapo ndipo tairi linaposema ukweli," alikuwa akisema. Mafundi wenzake walimtania kwamba angekuwa karani angepima barua kwa kamba.

Sasa, msiozijua mbuga zetu za huku magharibi niwaambieni. Ni udongo mweusi. Kiangazi umepasuka, mguu unaingia ufa. Masika unakuwa uji, na gari likiingia linakaa humo kama nyumba. Landrova ya wagonjwa ilikuwa inakwama kila masika, na mara mbili wagonjwa walishushwa wakabebwa kwa machela, mmoja akafia njiani. Habari ile ilimkera Raymundi, maana gari lilikuwa zima, injini nzima, kila kitu kizima, isipokuwa miguu yake ilikuwa myembamba. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga Urambo ulipovunjika, yalibaki matairi ya magari makubwa, mapana, yenye meno kama ya jembe. Raymundi akayaona ghalani yanakaliwa na popo. Akamfuata Bwana wa karakana, Mwingereza mwembamba asiyependa maneno mengi, akamsumbua mwezi mzima mpaka yule Bwana akasema, "Haya, jaribu. Ukiharibu gari utalibeba kichwani."

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu. Kuvua matairi ya zamani kwenye ringi na kuvisha yale mapya haikuwa shida, ringi zilikuwa saizi moja. Shida ilianza gari liliposimama chini. Lilipanda juu vidole viwili, na usukani ukikatwa mpaka mwisho tairi la mbele lilisugua springi, krr, krr. Raymundi akalala chini ya gari, akatia bolti ndefu za kuzuia usukani usikate mno, akakata madigadi kwa mkasi wa bati na kukunja ncha zake. Alipolitoa nje, watu wa mtaa wa Gongoni walijaa kulitazama. Mmoja akasema, "Jamani, gari limevaa viatu vya baba yake!" Basi jina likakaa. Tangu siku ile lilikuwa Viatu vya Baba, hata makarani waliliita hivyo.

Wakaenda kulijaribu, Raymundi na dereva wa siku nyingi, mzee Masolwa. Wakaingia mbuga ya kwanza, gari likapita. Wakaingia ya pili, maji yakafika mlangoni, gari likapita. Masolwa akapiga kelele kama mtoto. Walipofika daraja ambalo kila dereva alijua ni maili kumi kutoka mjini, Masolwa akatazama saa akashangaa. Ilikuwa inasema tisa.

"Imeharibika," akasema.

"Haijaharibika," Raymundi akamjibu, anacheka. "Saa inahesabu mizunguko ya gurudumu, kaka, haiijui barabara. Gurudumu limekuwa kubwa, kwa hiyo kila mzunguko unakwenda mbali zaidi. Tumetembea kumi, yenyewe inadhani tisa. Gari limekuibia maili moja."

Akachukua chaki akaandika mbele ya dereva: kila tisa, ongeza moja. Wiki ile ile gari likaoshwa, chaki ikaondoka na matope. Hakuna aliyejali, kwa sababu dereva alikuwa Masolwa, na Masolwa hakuihitaji saa. Aliijua njia kwa miti yake. Masika yote mawili yaliyofuata gari halikukwama hata mara moja, na Raymundi akasifiwa mpaka kwenye mahubiri ya Jumapili. Akavimba kichwa kidogo, kwa nini asivimbe? Watu walikuwa hai kwa mikono yake.

Mwaka wa tatu, katikati ya Machi, saa mbili asubuhi, ilikuja habari kwa simu ya reli. Mtu alitembea kutoka Maili Arobaini hadi stesheni iliyo karibu, mwendo wa saa tatu kwenye maji, akamwomba karani apeleke neno Tabora. Flavia, mimba yake ya kwanza, alikuwa katika uchungu tangu juzi. Mtoto amekaa vibaya. Wakunga wa pale wameshindwa. Treni ya kurudi Tabora ilikuwa imepita jana yake.

Raymundi alisomewa karatasi ile amesimama karakanani, spana mkononi. Akaiweka spana chini taratibu, akaenda kulijaza gari mafuta.

Masolwa alikuwa amelazwa kwa homa. Dereva aliyekuwapo ni Twalibu, kijana wa Pangani, mwenye siku kumi na mbili tu Tabora, hajawahi kwenda magharibi. Mkunga aliyetolewa ni Apolinaria, mama wa makamo kutoka Nzega, naye njia ile haijui. Benedikta akaja mbio kutoka Mtendeni na bahasha ya kitambaa, yaani furushi dogo, ndani kanga mbili mpya za kumpokelea mtoto. Akampa Apolinaria. Akamwambia mumewe, "Panda, Baba Flavia. Nenda."

Raymundi akashika mlango. Mguu ulikuwa tayari juu. Halafu akaanza kufikiri kama fundi, na hapo ndipo alipojimaliza. Akafikiri: mbuga zimejaa, mimi ni ratili mia moja na sitini, uzito huo huenda ndio utakaolizamisha gari. Akafikiri: wakati wa kurudi Flavia atatakiwa alale, nikikaa mimi atalala wapi? Akautelemsha mguu.

"Nikipanda nitamnyima nafasi," akamwambia mkewe. Benedikta hakubisha, maana mambo ya magari hakuyajua.

Raymundi akazunguka upande wa dereva. Akaingiza mkono dirishani, akakizungusha yeye mwenyewe kile kitufe cha chini ya saa mpaka namba zote zikarudi sifuri.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Usiogope maji, gari hili halizami. Unakwenda Maili Arobaini. Barabara ni moja, inanyooka tu. Usimwulize mtu njiani, watu wa huku kila kitu kwao ni hapo tu, hapo tu, na hiyo hapo tu inaweza kuwa kutwa nzima. Usisimame kwa mtu yeyote. Tazama saa. Arobaini, kata kushoto."

"Arobaini, kushoto," Twalibu akarudia. "Usiwe na wasiwasi, mzee."

Gari likaondoka. Raymundi alikuwa ametaja jina la mahali, jina alilolitaja kila siku kwa miaka ishirini na zaidi. Twalibu alikuwa amesikia namba.

Hesabu ilikuwa kwamba watafika saa sita mchana na kurudi kabla jua halijazama. Benedikta akaenda kanisani. Raymundi hakuweza kukaa bure, akarudi karakanani. Kulikuwa na Landrova ya pili, imewekwa juu ya mawe, injini imetolewa, magurudumu yote manne chini, nayo ilikuwa inasubiri matairi makubwa kama mwenzake. Akaanza kazi. Akachukua tairi la zamani, akalitia chaki, akachora mstari sakafuni, akalibingirisha, akachora mstari. Akachukua tairi kubwa, akalianzisha pale pale, akalibingirisha. Likaupita mstari wa kwanza. Likaenda likasimama shibiri moja na vidole viwili mbele yake.

Akabaki amechuchumaa, anaitazama ile shibiri.

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, nimemwambia atazame saa."

Alikimbia mpaka kwa Bwana wa karakana bila kupiga hodi. Maneno yalimtoka ovyo, tisa, kumi, thelathini na sita, mpaka yule Bwana akamkalisha kwenye kiti amweleze upya. Wakapiga simu stesheni kule. Karani akasema yule mtu aliyeleta habari alisharudi kwao, mwingine wa kumtuma hana, na kwa saa ile gari lingekuwa limeshafika. Bwana akasema dereva akiona amepotea atageuka, mtu yeyote angegeuka. Ilikuwa saa saba u nusu.

Raymundi akachukua baiskeli. Ukimwuliza mtu mwenye akili timamu, baiskeli ingemfikisha wapi? Lakini nani angemfungia baba mwenye mtoto mmoja? Akaendesha katika mvua maili sita, mpaka mbuga ya kwanza. Pale matope yakajaa katikati ya gurudumu na madigadi, baiskeli ikakataa. Akaibeba begani. Maji yakafika kiunoni, kisha kifuani, mkondo ukamvuta, akarudi nyuma na kukaa ukingoni. Na pale ukingoni aliziona nyayo za matairi yake. Zilikuwa zimeingia majini zimenyooka, hazikuteleza, hazikuyumba. Gari lilikuwa limepita kama alivyojigamba kwamba litapita. Akaita jina la Twalibu mara tatu, kwa sauti yote, maili thelathini na zaidi kutoka alipokuwa Twalibu. Halafu akalia, mtu mzima, mvua inamnyeshea, na akarudi mjini kwa miguu akiisukuma baiskeli.

Siku ile gari halikurudi. Lilirudi kesho yake saa tano asubuhi. Raymundi na Benedikta walikuwa wamekaa kwenye tofali mlangoni pa karakana. Apolinaria akashuka wa kwanza. Mkononi alikuwa na ile bahasha ya kitambaa, imefungwa vile vile. Benedikta alipoiona tu akaanguka chini, hakungoja kuambiwa.

"Alfajiri," Apolinaria akasema. "Wote wawili. Mimi nimefika saa moja asubuhi, bado mwili una joto. Nisameheni, jamani. Saa moja tu mapema, mtoto huenda, lakini mama..."

Twalibu alikuwa bado ameshika usukani, hajashuka. Macho mekundu. Raymundi akamwendea.

"Mzee, sijui nini kimetokea," kijana akasema. "Nilifanya kama ulivyoniagiza. Arobaini ilipotimia nikaona njia kushoto, kweli ipo, ya wakata mbao. Nikaingia. Ikawa mbaya, matope, maji, lakini gari halikukwama mzee, likaenda tu. Nikasema lisingekuwa hili ningeshageuka. Maili kumi na tano nimeingia porini hata nyumba hakuna, ndipo njia ikafa. Kugeuza, usukani haukati vizuri, tukahangaika kati ya miti mpaka giza. Usiku wa manane mrina asali mmoja ndiye aliyetuonyesha njia."

"Si kosa lako," Raymundi akasema.

"Kuna jambo jingine, mzee." Twalibu akashuka garini. "Kabla ya hapo, barabarani, tulipita watu wamesimama. Wanaume watatu, wanapunga matawi. Mmoja akatukimbiza mbali kweli, anapiga kelele. Mama Apolinaria akaniambia simama tuwasikilize. Nikadhani wanaomba lifti. Nikatazama saa, ilikuwa thelathini na sita. Nikamwambia bado, mama, na mzee amesema tusisimame."

Raymundi akaitikia kwa kichwa. Thelathini na sita aliijua kabla kijana hajaitaja, ilikuwa imelala naye kitandani.

Mchana ule ule wakaenda kuzika, yeye, Benedikta, padri na Twalibu, kwa gari lile lile, maana hapakuwa na jingine la kuvuka mbuga. Raymundi alikaa mbele. Safari hii nafasi yake ilikuwapo. Hakutazama miti wala maji, alitazama saa, ambayo Twalibu alikuwa ameirudisha sifuri. Ishirini na saba. Thelathini na tatu. Gari lilikuwa linatembea vizuri, halipigi kelele mahali popote, na kila lilipovuka maji bila kutikisika padri alisema afadhali gari hili. Saa iliposema thelathini na sita, Twalibu akapunguza mwendo. Pale pale penye mininga, Bernardo alikuwa amesimama peke yake na tawi mkononi. Lilikuwa lile la jana, majani yameshanyauka.

Walimzika Flavia na mwanawe katika kaburi moja, nyuma ya kanisa la udongo. Kabla ya kufukia, Benedikta akazitoa zile kanga mbili, moja wakamfunika nayo mtoto, nyingine akajifunga mwenyewe, na mpaka kufa kwake hakukosa kuivaa siku za kwenda kanisani. Mazishi yalipokwisha, Raymundi alibaki amesimama kaburini. Watu walipita wakimpa mkono, wanamwambia pole, ni mapenzi ya Mungu, na gari lako lilijitahidi. Kila aliposikia neno gari uso wake ulikunjamana.

Bernardo akaja mwisho. Alikuwa mkwe mwenye heshima, hata siku ile hakumtazama baba mkwe wake machoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, wewe unayajua magari. Naomba uniambie, maana nisipojua sitalala." Akaligeukia kaburi. "Nililiona linakuja. Nikamtuma mtu akamwambie Flavia limefika. Flavia akacheka, baba, wanasema alicheka. Nikasimama katikati ya barabara. Likanikwepa likapita. Nililikimbiza mpaka pumzi ikaisha. Kwa nini hakusimama?"

"Mimi ndiye niliyemwambia asisimame," Raymundi akasema.

Bernardo akamtazama, kwa mara ya kwanza. Akaona mzee anatetemeka midomo, akadhani ni uchungu tu unaosema. Akamshika mkono, akamwambia usiseme hivyo, baba, akampeleka kumkalisha kwenye jamvi pamoja na wazee wengine.